Unakesha na bado sapu?

Mdogo wangu wa uuguzi hapa Tabora, nimekuelewa: unasoma mpaka saa nane usiku, daftari limejaa rangi za kupigia mistari, mtihani ukija kichwa cheupe. Sapu 2, yaani mitihani ya kurudia baada ya kufeli, muhula mmoja. Sasa unauliza kama wewe ni mtu wa kujifunza kwa kuona au kwa kusikia.

Usijifunge na hilo. Mwaka 2008 Pashler na wenzake, wanasaikolojia, walipitia tafiti wasione ushahidi wa kutosha kwamba mtu hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Wewe tafuta kinachobaki kichwani, na hukijui mpaka ujipime.

Na mimi nilikuwa mtu wa kupigia mistari ya rangi. Siku moja chini ya mwembe mwenzangu akaninyang'anya daftari: "Haya, nieleze mzunguko wa damu." Kufika ventrikali ya kulia, chumba cha chini cha moyo, nikakwama. Kumbe nilizoea sura ya ukurasa tu!

Basi soma kidogo, funga daftari, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, kisha jisahihishe. Michoro pia, chora bila kuchungulia. Rudia kesho, tena baada ya siku 3, tena baada ya wiki. Mwanzoni utajiona mjinga, vumilia.

Na ulale, jamani.

Kichwa kikiuma kila ukisoma, kapime macho. Kama usingizi haupatikani hata ukiutafuta, au umekata tamaa, mwone mshauri wa wanafunzi au daktari wiki hii hii. Kanuni za kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) za chuo chenu zisome leo, usisubiri sapu ya tatu.