Timu ya wanawake wa Kiguarani: anza na mpira wao wenyewe

Ukiombwa kusaidia timu ya wanawake katika kijiji cha Waguarani, wenyeji wa asili wa Amerika Kusini, jezi zisubiri. Tafuta kwanza mpira, na mtunzaji wake awe mwanamke. Mpira ukiwa mmoja kwa kijiji kizima, wavulana huuchukua alasiri na giza huingia akina mama wakiwa bado pembeni. Nunua miwili ya namba 5, pampu moja na sindano kadhaa, maana sindano ndizo hukatika kwanza. Udongo mwekundu wa Mato Grosso do Sul, jimbo la kusini-magharibi mwa Brazili, ukikauka huwa mgumu kama tofali. Usijaze upepo kupita shinikizo la 0.7 baa, la sivyo mpira utadunda ovyo na kuumiza vifundo.

Hifadhi ya Dourados, ardhi ya jimbo hilo waliyotengewa wenyeji wa asili mwaka 1917, ina takribani hekta 3,500 na wakazi zaidi ya 13,000. Kiwanja hapo hugombea nafasi na nyumba na mashamba ya mihogo, kwa hiyo usidai kiwanja kamili. Mita 50 kwa 30 zinatosha wachezaji saba kila upande. Mistari ipige kwa majivu. Chokaa isiyozimwa huunguza ngozi, na wengi hucheza peku. Njumu ama wavae wote, ama asivae hata mmoja. Maji ya bomba huko ni shida ya miaka mingi, basi njoo na lita 40 zako.

Sajili wachezaji 12, vipindi viwe vya dakika 20, na kubadilishana kusiwe na kikomo: anayenyonyesha atoke na kurudi apendavyo. Wateue walezi wawili wa watoto kabla ya kipenga, vinginevyo kipa ataacha lango kumfuata mwanawe.

Ratiba ipange na wanawake wazee. Kwa desturi msichana anayevunja ungo hukatwa nywele na kukaa ndani kwa muda. Usimwandike mtoro, nafasi yake ibaki.

Na akitokea wa kudai kwamba mpira si wa wanawake, mkumbushe kuwa aliyewakataza wanawake wa Brazili ni serikali, kwa amri ya 1941 iliyodumu hadi 1979. Waguarani wa misheni za Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, walikuwa wakipiga mpira wa utomvu kwa miguu tangu karne ya 18.