Sayansi ina kazi gani kwa asiyetaka udaktari?

Umeuliza mwanao asome sayansi ya nini ilhali hataki udaktari. Mtoto akiharisha nyumbani, daktari hayupo. Unamtengenezea kinywaji cha kurudisha maji mwilini: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa juu, chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga hadi viyeyuke, mnyweshe kidogo kidogo, yanayobaki baada ya saa 24 mwaga. Sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata. Ikizidi sukari, kuhara huongezeka. Ikizidi chumvi, ni hatari kwa maisha yake. Asiyejua sababu huongeza tu, eti dawa ipate nguvu! Mpe mwanao kijiko apime mwenyewe, kisha mwulize kwa nini kisijae kupita kiasi. Mgonjwa akitoa kinyesi chenye damu au akishindwa kunywa, mkimbizeni hospitali.