Hisa za kampuni za hadi diski, na pesa za mjomba

SWALI: Assalaam alaykum, Shekhe. Mimi ni fundi kompyuta hapa Mwanza, kibanda changu kiko karibu na Makoroboi. Nina akiba ya shilingi milioni tatu, na nataka kununua hisa za kampuni za Marekani zinazotengeneza hadi diski (hard disk, kifaa cha kuhifadhia data za kompyuta), Seagate na Western Digital, kupitia programu ya simu. Nimesoma kwamba hadi diski zinaanza kuhamia kwenye muunganisho wa kasi uitwao NVMe, nami naamini hisa zitapanda. Mjomba wangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Amekubali kuniongezea milioni tano, na nimemwahidi laki mbili kila mwezi. Programu hiyo pia inaniruhusu kununua mara tano ya pesa niliyoweka. Rafiki yangu anasema yote ni haramu, kwa kuwa watu wanahifadhi picha chafu kwenye diski hizo. Naomba mwongozo.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

La rafiki yako ni jepesi. Hadi diski inabeba hesabu za maduka, kumbukumbu za hospitali, darsa za masheikh na mambo mengine ya halali yasiyo na idadi. Anayeijaza uchafu dhambi ni yake. Tatizo lako liko kwingine: “Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara na ameiharimisha riba” (2:275). Umeshika nusu ya kwanza ya maneno haya, na nusu ya pili inakudai.

Kilichonishtua zaidi ni hiyo laki mbili ya mjomba. Ukimwahidi mtu kiasi maalumu kila mwezi juu ya mtaji wake, biashara ipate au ikose, umekopa kwa riba, hata kama nyote mnaita ushirika. Kijana wangu, ahadi hiyo ifute leo, kabla hujapokea hata shilingi. Kama mnataka kushirikiana, faida mgawane kwa fungu mlilokubaliana, nusu kwa nusu au vinginevyo, na hasara ifuate mtaji wa kila mmoja. Kwenye milioni nane zenu, ikipotea laki nane, mjomba anabeba laki tano na wewe laki tatu. Mwambie hivyo hivyo, kwa tarakimu, mkiwa mmekaa. Yeye anaijua dagaa tangu ikiwa kwenye turubai hadi inapofungwa kwenye gunia. Soko la hisa la Marekani halijui, anakuamini wewe tu. Akishasikia kwamba pesa inaweza kupungua na bado akaridhika, andikianeni mbele ya mashahidi kama Qur'an ilivyoagiza (2:282).

Kununua mara tano ya pesa yako ni mkopo wa dalali, na kwa kawaida unatozwa riba kwa kila usiku unaoushikilia. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikataza kununua hisa kwa mkopo wa namna hiyo katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992. Zima kitufe hicho. Pia soma masharti ya programu taratibu, maana programu nyingi za simu haziuzi hisa kabisa: zinakuuzia mkataba wa tofauti ya bei, na jina lako haliingii popote kama mwenye hisa. Ukinunua robo ya mtumbwi na nyavu zake, mtumbwi ukirudi mtupu umepata hasara ya halali. Ukiweka pesa kubashiri mtumbwi utarudi na kilo ngapi, hiyo ni kamari.

Sasa kampuni zenyewe. Kazi yao ni halali, lakini wanakopa kwa riba. Baraza hilo la Jeddah lilisema asili ya kununua hisa za kampuni inayoamiliana na riba mara kwa mara ni haramu, hata kama kazi yake kuu ni halali. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, katika kiwango chake namba 21, imeruhusu kwa masharti: mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba vivyo hivyo, na mapato ya haramu yasizidi asilimia 5. Wengine hupima deni kwa mali zote za kampuni badala ya bei ya soko.

Tofauti hiyo si ndogo. Hesabu za Seagate za mwaka wa fedha 2024 zilionyesha deni lililozidi nusu ya mali zake zote, na mtaji wa wanahisa ulikuwa hasi, yaani inayodaiwa ilizidi inachomiliki. Kwa kipimo cha mali, hesabu hizo hazikupita. Kwa kipimo cha soko inaweza kupita, kwa sababu tu wanunuzi wameipandisha bei, hata kama deni halijapungua hata senti. Mimi moyo wangu hautulii na kipimo kinacholainika soko likichangamka. Aliyefuata fatwa ya AAOIFI simlaumu, ila wewe uliyeniuliza mimi nakushauri uiache Seagate hadi deni lake lishuke, na Western Digital uipime kwa hesabu zake za karibuni kabla ya kugusa.

Kuhusu NVMe, fundi ni wewe. Sahani inayozunguka ndani ya hadi diski hutoa megabaiti 250 hadi 300 hivi kwa sekunde, na SATA, muunganisho wake wa kawaida, inapitisha karibu 600. Waya wa kasi hauiongezei sahani mwendo. Toleo la NVMe 2.0 la mwaka 2021 liliruhusu diski zinazozunguka, na faida kubwa ni kwa wenye vituo vya data, watakaounganisha hadi diski na SSD (diski zisizo na sahani inayozunguka) kwa mfumo mmoja. Tena kiwango hicho ni cha wote, hakuna mtengenezaji anayekimiliki peke yake. Kumbuka SATA ilipoingia mwaka 2003 na kuuondoa ule utepe mpana wa waya ambao bila shaka bado unao kwenye droo. SATA ilishinda kabisa. Lakini Maxtor ikamezwa na Seagate mwaka 2006, hadi diski za Samsung zikafuata mwaka 2011, na za Hitachi zikaenda Western Digital mwaka 2012. Leo wamebaki watatu, pamoja na Toshiba. Aliyenunua hisa kwa sababu ya waya tu hakuwa na hoja.

Kabla ya kutuma pesa nje, uliza tawi la Benki Kuu hapa Mwanza kuhusu kanuni za fedha za kigeni, na uulize Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama programu hiyo inatambulika. Ukinunua hisa zilizopita kipimo, sehemu ya gawio iliyotokana na riba wape maskini bila kutarajia thawabu ya sadaka. Na kama umezinunua kwa nia ya kuziuza, toa zaka ya asilimia 2.5 ya bei yake ya soko kila mwaka unapotimia.

Wallahu aalam.