Ukitoka zamu ya usiku, kwa nini usingizi unakata saa sita mchana?

Mkuu, umesema ukirudi kutoka kiwandani unalala saa tatu asubuhi, saa sita macho makavu, na unajiuliza kama umechezewa. Hujachezewa. Mimi ni nesi, naiti nimezipiga miaka mingi, na wodini hilo tunalilia wote.

Mwili una saa yake. Imo ndani ya ubongo, pale mishipa ya macho inapopishana: seli kama 20,000 tu, na mzunguko wake unazidi saa 24 kidogo. Kinachoirekebisha kila siku ni mwanga. Bosi akibandika ratiba mpya ukutani, yenyewe haina habari.

Mfaransa Michel Siffre alijifungia pangoni kwenye milima ya Alps mwaka 1962, miezi miwili bila saa wala jua. Kulala na kuamka kwake kuliendelea kwa mzunguko ule ule wa zaidi ya saa 24 kidogo. Kichwa ndicho kilichopotea: alipotolewa tarehe 14 Septemba, yeye alidhani ni 20 Agosti. Alipojaribu kuhesabu hadi 120, namba moja kwa sekunde, alitumia kama dakika tano! Kwa hiyo wewe unaweza kujiona umeshazoea naiti, mwili ukawa na mahesabu yake.

Kwetu balaa ni kuanzia saa tisa usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, joto la mwili linaposhuka chini kabisa. Utakuta manesi wamejitanda vitenge juu ya sweta, na hiyo ni Dar, mwezi wa pili. Mwandiko kwenye chati unaanza kuteremka nje ya mstari. Dozi za muda huo tunazisoma wawili, kwa sauti.

Asubuhi joto linapanda tena, na homoni ya usingizi, melatonini, imeshapungua. Hapo ndipo unapotaka kulala. Tena umetoka getini jua likakupiga usoni njia nzima, ubongo ukaambiwa kumekucha.

Mimi navaa miwani ya jua kuanzia getini (wenzangu wananiita staa, sawa tu), sipitii sokoni, na dirishani nimetundika blanketi zito, maana kanga inapitisha mwanga. Kahawa mwisho saa nane usiku, kwani inakaa mwilini saa nyingi. Usingizi ukikata saa sita, usigombane nao; amka, kisha jilaze tena jioni kabla ya kuingia kazini. Na pikipiki asubuhi hiyo iache, panda daladala.

Ila kama hata siku za ofu, ukilala usiku mzima, unaamka umechoka na shemeji analalamika unakoroma kama unakabwa, hapo usisingizie zamu. Nenda hospitali wakakupime.