Unaanza kazi na watu wa mitaani Kampala? Karatasi kwanza, mtaji baadaye

Karibuni nyie mnaoingia kazi hii ya kuwasaidia wanaolala nje, ila mapema tu, ile hamu ya kumpa kijana wa Kisenyi, kile kitongoji duni cha katikati ya jiji, mtaji wa kuuza maji siku ya kwanza ipunguzeni. Analala nje, hiyo hela ataificha wapi? Kwenye simu hawezi, laini bila NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) haisajiliwi, NIN inatoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho, na kule fomu inataka mhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, sasa mwenyekiti wa wapi na mtu analala kando ya mfereji wa Nakivubo! Hapo ndo kazi yenyewe ilipo, mtashinda sana kwenye mabenchi ya ofisi, zoeeni tu.

Kwa mwenyekiti msiende na barua zenu za shirika peke yake (wengine hata hawazisomi), tafuteni mtu wa mtaa anayemjua huyo kijana, yule mama wa chapati anayemkopesha au mzee anayenunua skrepu zake, huyo akisema namfahamu, mambo yanaenda. Kama ametoka mbali, tuseme Napak kule Karamoja, pigieni watu wa kwao, mara nyingi kuna mjomba anaweza kumthibitisha. Kitambulisho cha kwanza ni bure ila kikipotea kingine ni shilingi 50,000, na barabarani vitu vinapotea kila mvua ikinyesha au polisi wakipita na msako, kwa hiyo namba yake aikariri kabisa na kopi muiweke nyie.

Chumba sasa. Muzigo, yaani kachumba kamoja ka kupanga, landlodi anataka kodi ya miezi kadhaa mbele, lipeni mwezi wa kwanza, wa pili nusu atoe yeye kutoka kwenye chupa anazookota, halafu muwe mnapungua pole pole, maana nimeona watu wakilipiwa mpaka mwisho na shirika likiondoka nao wanarudi nje wiki hiyo hiyo. Akishakaa mtaani wakamjua, anaingia kikundi cha kuweka akiba, na hata ile milioni moja ya PDM (mpango wa serikali wa kukopesha watu wa kipato cha chini) kupitia SACCO ya parishi, yaani ya eneo lake la utawala, anaweza kuiomba, kabla ya hapo nani atamwandika?

Na watoto chini ya miaka 18 msichanganye humu, hao ni wa afisa wa probesheni (ustawi wa jamii), tena sheria ya Kampala ya 2019 inakataza kuwapa hela barabarani, hata nyie na vitambulisho vyenu vya kazi shingoni.