Maswali ya Wasomaji: Vita vya Somalia Viligeukaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mtoto wa kaka yangu ametumikia jeshi Mogadishu. Vita vya koo vya Wasomali vimekuwaje vita vya dini, tena vinavyotuhusu sisi Waganda? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Ndugu msomaji, Rais Siad Barre wa Somalia alipotoroka Mogadishu Januari 1991, waliougombania mji walikuwa wababe wa vita waliotegemea koo zao, kila mmoja na vizuizi vyake vya kutoza pesa barabarani. Mahakama za Kiislamu, yaani muungano wa mahakama za sharia zenye wapiganaji wake, zilipouteka mji Juni 2006, vizuizi viliondolewa na bandari ikafunguliwa tena, na wafanyabiashara, hata wasioshika dini sana, wakashukuru.

Desemba mwaka huohuo Ethiopia iliingiza majeshi kuitetea serikali ya mpito, ikiungwa mkono na Marekani. Mahakama zilisambaratika upesi, lakini al-Shabaab, kundi la vijana wenye msimamo mkali ndani yake, walibaki wakiwa na hoja mpya iliyovuka mipaka ya koo: kumfukuza mgeni. Kwa maoni yangu, hapo ndipo vita vilipogeuka.

Wanajeshi wetu walitua Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Tarehe 11 Julai 2010, mabomu ya al-Shabaab yaliwaua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia Kyadondo na Kabalagala, mjini Kampala. Hata hivyo, neno “vita vya dini” silikubali lote, kwani al-Shabaab nao hutoza ushuru barabarani, kama wababe wale wa zamani, ila wao hutoa risiti.