Mwembe umekatwa? Zuia msumeno kwanza

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, anauliza: mwembe wa uani umekatwa juzi, na aliyeukata anataka kulifanya gogo zima kuni; afanyeje apate mbao? Mzuie leo. Kipande cha futi 2 hakirudi tena kuwa ubao wa meza, na inauma kuona gogo pana namna hiyo likiishia chini ya sufuria ya maharage. Kuni zitoke kwenye matawi.

Liache gogo na urefu wa futi 7 au 8, kisha paka ncha zote mbili rangi nzito ya mafuta, mara mbili. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, ndiyo maana nyufa huanzia hapo.

Aina ya mti ndiyo inayoamua kazi. Mwembe ni wa meza, stuli na makabati ya ndani. Nje huoza upesi. Mfenesi hustahimili zaidi, na mbao zake za njano zinapendeza. Mvinje hupasuka na kujipinda, heri uwe nguzo au makaa. Mnazi una nguvu pembeni tu. Sehemu ya kati ni laini, usiipandishe kwenye paa.

Mwembe hausubiri. Kwa joto na unyevu wa Dar, hasa masika, ukungu wa bluu na bungua (wadudu wanaotoboa mbao) huuwahi, basi upasue ndani ya wiki mbili. Pasua inchi 1 na robo ili ubaki na inchi 1 baada ya kusinyaa na kurandwa. Moyo wa gogo utoe. Ubao wenye moyo katikati utapasuka tu. Mbao zikiwa bado mbichi, zipake boraksi, chumvi ya kuzuia wadudu, iliyoyeyushwa kwenye maji. Oili chafu waachie wenye nguzo: gundi na vanishi hazishiki juu yake.

Panga mbao kivulini juu ya matofali, sentimita 40 kutoka chini. Kati ya safu na safu weka fito kavu za inchi 1, kila sentimita 50, na kila ufito ukae juu kabisa ya ule wa chini yake, la sivyo mbao zitajikunja. Juu weka bati na mawe. Pande zibaki wazi; turubai la kuzungushia hufungia unyevu, na ukungu hurudi.

Kukauka ni miezi, si wiki. Pima ubao mmoja kwenye mizani kila wiki. Uzito ukikaa palepale wiki 3 mfululizo, mwite seremala. Kama karakana yake iko mbali, tuseme mtaa wa Keko, ulizia kwanza hati ya kusafirisha mazao ya misitu, kabla gari halijapakia.